Jumanne Mto Ulipogeuka Buluu

Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, mimi huwa wa kwanza kutoka langoni. Si kwamba nina haraka. Ni kwamba ukizubaa pale langoni bila mtu wa kutembea naye, wenzako wanakuona. Afadhali wauone mgongo wako wakidhani una shughuli zako.

Naitwa Audrey na nina miaka kumi na miwili. Mpaka Desemba mwaka jana nilikuwa nikiishi na mama yangu Makina, kule Kibera, ambako mwenye duka, fundi wa viatu na hata muadhini wa msikiti walinijua kwa jina. Kisha mama akapata kazi ya kuchuma maua Naivasha. Akanifungia nguo zangu kwenye mfuko, akanileta Kawangware kwa mama yake, sehemu inayoitwa Kongo. "Ni miezi michache tu," akasema. Miezi michache! Juni ilifika, na mimi bado nilikuwa Kongo.

Wasichana wa darasa langu walikuwa wameshagawana marafiki tangu chekechea, na hapakuwa na nafasi iliyobaki. Hawakunitukana wala hawakunipiga. Walinipita tu, kana kwamba mimi ni dawati. Hilo linauma kuliko matusi, maana ukitukanwa angalau una la kujibu.

Bibi yangu mimi namwita Dani, kama tunavyowaita bibi zetu sisi Wajaluo. Majirani humwita Mama Celine, kwa jina la mama yangu. Dani hukaanga samaki kando ya barabara, kwenye meza moja na karai moja kubwa. Maneno yake ni machache, macho yake makali. Alizaliwa Uyoma, ufuoni mwa ziwa, na mtu wa kumdanganya kuhusu samaki hajazaliwa. Kabla ya kununua, humfunua samaki shavu kwa kidole gumba na kutazama matamvua, yale ambayo samaki hupumulia. Yakiwa mekundu, huyo ni samaki wa leo. Yakiwa ya kijivu, Dani husema, "Mpelekee paka," na kugeuka.

Zamani alikuwa akienda soko la Gikomba kununua samaki wa ziwani. Lakini ndugu zake kule Uyoma wanasema nyavu siku hizi zinatoka na magugu na uchafu mwingi kuliko samaki, na hao wachache wanaofika Nairobi hugombaniwa alfajiri na wenye nguvu. Dani ana goti bovu. Basi tangu Machi alikuwa akinunua kambare kwa Baba Ndululu.

Baba Ndululu ni Mkamba wa Kitui, jina lake Mutinda. Alikuwa akifanya kazi ya mjengo, na kazi ilipopungua alikumbuka kwamba chini kabisa ya Kongo kunapita mto mdogo. Pale watu walipochimba mawe zamani, maji ya mto yameingia yakatengeneza bwawa. Kambare ni samaki sugu, anaishi hata kwenye tope. Mutinda alitega ndoana zake pale na kila asubuhi alimletea Dani beseni.

Dani alinikataza kabisa kwenda mtoni. "Shule, nyumbani, basi," alisema. Nami nikamwitikia vizuri, "Ndiyo, Dani," kisha nikamwambia kwamba mwalimu anatusomesha masomo ya ziada hadi saa kumi na moja jioni. Ulikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nikienda mtoni kila siku, kwa sababu Ndululu alikuwa huko.

Ndululu ni binti yake Mutinda. Anasoma shule nyingine, ana miaka kumi na mitatu na mwanya mpana kwenye meno ya mbele. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama ukingoni kama aliyepotea.

"Sasa? Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Mto."

"Haya, angalia. Haulipishwi."

Alikuwa akifungua kamba za ndoana zilizofungamana. Alinirushia mojawapo, nami nikaanza kuifungua. Hakuniuliza kwa nini niko peke yangu, na nilimpenda kwa hilo. Kutoka siku hiyo, ule muda wa mtoni ndio ulionifanya niweze kuamka asubuhi.

Maji ya mto ule mara nyingi yalikuwa mekundu. Mutinda aliyafurahia sana. "Huu ni udongo," alituambia. "Kwetu Kitui mto ukija mwekundu, watu wanatoka nje wanapiga vigelegele. Ina maana mvua imenyesha huko juu, na maji yatakuwa mengi." Alisema kwa furaha ya mtu anayekumbuka nyumbani, na sisi tukaamini. Kwa nini tusiamini? Yeye alikuwa mtu mzima, na mito aliijua.

Kisha ikaja Jumanne moja. Ndululu hakuja. Nikakaa peke yangu kwenye ukingo nikichora chora matopeni kwa kijiti, nimenuna. Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili nzima, vumbi la Kongo lilikuwa limejaa mpaka kwenye chai. Hata hivyo mto ulikuja mwekundu vilevile. Baada ya muda wekundu ukapungua, halafu, mbele ya macho yangu, maji yakageuka buluu. Buluu kabisa, kama wino!

Nilisimama. Udongo wa buluu nilikuwa sijauona, na mvua ya buluu ndiyo kabisa. Nikaufuata mto kuelekea juu, nikipita migomba na vyoo, mpaka nikafika kwenye ua wa mabati. Chini ya ua ule bomba nene lilikuwa likimwaga maji ya buluu yenye povu. Harufu yake ilichoma pua kama dawa ya kuua kunguni. Kupitia tundu la bati niliona mapipa na vitambaa virefu vilivyoning'inizwa, vingine vyekundu, vingine vya buluu. Ilikuwa karakana ya kutia nguo rangi.

Nilielewa papo hapo, sitajifanya sikuelewa. Wekundu haukuwa udongo wa mvua. Ulikuwa dawa za rangi, na wale kambare walikuwa wakiogelea ndani yake kila siku.

Nikaenda nyumbani nikanyamaza. Njiani nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu zote. Nikimwambia Dani, ataniuliza nilikuwa natafuta nini mtoni, na uongo wa masomo ya ziada utafichuka. Ataacha kununua kambare. Baba Ndululu atakosa riziki. Na Ndululu, rafiki yangu pekee katika Kawangware nzima, hatanitazama tena. Labda nimekosea, nikajiambia. Labda samaki hawadhuriki. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumatano asubuhi, kabla ya shule, nilimsaidia Dani kusafisha samaki. Alimfunua kambare mmoja shavu na uso wake ukachangamka.

"Tazama, nyathina! Mekundu hivi nilikuwa nayaona Uyoma nikiwa msichana. Huyu alikuwa anaogelea saa hii tu." Nyathina ni "mwanangu" kwa Kijaluo, na Dani hulitumia neno hilo akiwa na furaha.

Niliyakata yale matamvua na vidole vyangu vikawa vyekundu. Nikanawa kwa maji, wekundu haukutoka. Nikasugua kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa limau. Wapi! Nikaenda shuleni nimevuta mikono ya sweta mpaka kwenye kucha, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Ni nani angeniuliza?

Jioni Ndululu alikuwa mtoni, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Jana ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Kliniki na Kyalo." Kyalo ni mdogo wake wa miaka minne. "Anatapika kila kitu. Daktari amesema tuchemshe maji ya kunywa. Lakini sisi huchemsha!"

"Anakula?"

"Mama anampikia supu ya kichwa cha samaki. Anasema itampa nguvu."

Niliyatazama maji. Siku hiyo yalikuwa mekundu. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, lilihitaji tu mdomo kufunguka. Lakini Ndululu alikuwa ameegemea bega langu, na kwa miezi sita hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniegemea.

"Atapona," nikasema.

Alhamisi nilisema hivyo hivyo.

Ijumaa jioni nilimkuta Dani anaimba. Dani haimbi. Mama Sella, kiongozi wa akina mama kanisani, alikuwa ameagiza kambare thelathini wa kukaanga kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Mabeseni mawili yalikuwa yamejaa, yamefunikwa kwa gunia bichi, na Dani alikuwa akinoa kisu.

"Kesho watakula hadi watoto wa shule ya Jumapili," alisema. "Mama Sella amesema vichwa viwekwe kando, watoto wapewe supu."

Niliposikia supu, akilini nikamwona Kyalo mmoja, kisha nikawaona Kyalo ishirini, wote na vibakuli mikononi.

"Dani, usiwakaange."

"Unasema nini?"

"Hao samaki wana sumu. Maji yana dawa ya kutia nguo rangi. Nimeliona bomba."

Kisu kikasimama. "Umeliona ukiwa wapi?"

Basi nikasema yote. Masomo ya ziada ambayo hayakuwepo, ukingo wa mto, Ndululu, Jumanne na maji ya buluu. Nikavuta mikono ya sweta nikamwonyesha vidole. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, na Dani hakuninyamazisha.

Aliinuka polepole kwa lile goti lake, akatoa kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha kanisani. Akamchukua kambare, akamfunua shavu, akayapangusa matamvua kwa kitambaa. Kisha akakiloweka kwenye maji baridi yenye chumvi.

"Damu ya samaki nimeifua miaka arobaini," alisema. "Hutoka kwa maji baridi na chumvi. Daima."

Tukangoja. Akasugua, akasuuza, akakiinua kwenye mwanga wa taa. Doa lilikuwa limetulia pale pale, jekundu na zuri kama ua. Dani akaketi juu ya debe.

"Miaka arobaini," alisema tena, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Na mimi niliyachagua yaliyo mekundu zaidi. Niliwachagulia watu sumu kwa mkono wangu, nikiwaambia ni samaki wa leo."

Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuaibika hivyo. Nilitamani anichape, ingekuwa rahisi zaidi.

Jumamosi asubuhi Dani hakungoja habari zimfikie Mama Sella kwa njia ya umbea. Alienda mwenyewe, akichechemea, akamweleza. Kisha alisimama mbele ya meza yake tupu na kumwambia kila mteja aliyepita, "Msinunue samaki wa mto huu. Mimi nimewauzia tangu Machi bila kujua. Nisameheni." Wapo waliomshukuru. Wapo waliomwita mchawi. Mwanamume mmoja alitema mate karibu na miguu yake, na Dani akajipangusa machozi akaendelea kusema.

Mzee Gerishon, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, alimleta afisa wa afya ya umma. Nilitembea nao mpaka kwenye ua wa mabati nikawaonyesha bomba. Waliyajaza maji kwenye chupa, wakachukua na samaki wawili. Haikuchukua hata wiki mbili. Vipimo vilitoka, karakana ikafungwa, na mwenyewe akaamriwa asifungue mpaka ajenge matangi ya kusafishia maji machafu. Bomba likazibwa kwa saruji mbele ya watu. Afisa alibandika tangazo kwamba hakuna ruhusa ya kuvua kwenye bwawa hilo mpaka maji yapimwe tena, na hiyo inaweza kuwa miaka. Kyalo alipelekwa hospitali kubwa, akatibiwa, akarudi akiwa amekonda lakini anakula.

Watu walinisifu. Mwalimu mkuu alinisimamisha gwarideni na shule nzima ikanipigia makofi. Wasichana wa darasa langu wakanitazama siku hiyo moja, halafu wakarudi kunipita.

Mtoni Ndululu hakuja tena. Nilienda Jumatatu, nikaenda Jumanne, safari hii nikiwa nimemuaga Dani. Palikuwa na maji tu na mimi. Nilikutana naye mara moja kwenye kioski cha maji, nikamwita. Alibeba mtungi wake akaondoka kama asiyesikia. Kibera nilikuwa na marafiki, Kongo nilikuwa na mmoja, sasa sikuwa na yeyote. Nilikuwa na makofi ya gwarideni, na makofi hayakai na mtu jioni.

"Ulimwambia mwenyewe?" Dani aliniuliza siku moja, akiniona nimejikunyata mlangoni.

"Nani?"

"Ndululu."

"Alisikia kwa watu."

Dani akatikisa kichwa. "Samaki walikuwa wa baba yake. Tumbo lilikuwa la ndugu yake. Halafu wewe unamwachia asikie kwa watu? Nenda sasa hivi."

Nilienda. Wanaishi chumba cha mwisho kwenye ploti, safu ya vyumba vya mabati vya kupanga. Ndululu alifungua mlango nusu, akasimama katikati.

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikasema. "Kwa sababu baba yako amepoteza kazi."

"Unadhani nimekasirikia kazi?" Macho yake yalijaa machozi ghafla. "Uliona maji Jumanne. Jumatano nikakuambia Kyalo anatapika. Ukaniambia nini?"

Nilivuta mikono ya sweta mpaka kwenye kucha.

"Si useme! Uliniambia nini?"

"Atapona."

"Jumatano usiku alikula. Alhamisi akala. Ijumaa alikataa, nikamshika mdomo nikamlisha kwa lazima. Mimi! Kwa mkono huu!" Aliuinua mkono wake mbele ya uso wangu. "Ungeniambia tu, Audrey. Ningeimwaga hiyo supu."

"Niliogopa utaacha kuwa rafiki yangu."

"Na sasa je?" akasema, na kufunga mlango.

Sijui nilifikaje nyumbani. Dani alinikalisha kando yake kwenye benchi. Safari hii alinishika, na mkono wake ulinuka mafuta ya samaki na moshi.

"Sikiliza, nyathina. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Wewe ulijua, ukaficha, na ulipata bahati kwamba ni kutapika tu ndiko kulikokufichua. Ijumaa ulifanya jambo gumu, na sitakunyima sifa hiyo. Lakini ukweli si wa kusema ukishakuwa tayari wewe. Kila siku unayouchelewesha, kuna mtu anaendelea kula."

"Hatanisamehe, Dani."

"Huenda asikusamehe. Ukweli wako usiuuze kwa bei ya urafiki. Useme, kisha ungoje."

Nikangoja. Wakati huo Dani na Baba Ndululu walipatana. Mutinda ana nguvu za kusukumana Gikomba alfajiri, Dani ana jicho la kuchagua, na akamfundisha: atazame macho ya samaki, ambonyeze nyama, amnuse, asiamini kitu kimoja peke yake. Mutinda alicheka kwa uchungu aliposikia hayo. "Mama Celine, mimi niliamini mto kwa sababu ya rangi ya kwetu," alisema. "Wewe uliamini samaki kwa sababu ya rangi ya kwenu." Wakauza pamoja, samaki wachache kuliko zamani, lakini wa kula bila hofu.

Jumamosi moja mnamo Julai nilikuwa peke yangu mezani nikifuta karai. Nikaona kivuli. Ndululu alikuwa amesimama mbele yangu, Kyalo mgongoni, mtungi mkononi. Hakunisalimu.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Na nitaendelea mpaka nimalize."

"Sawa."

Alitazama barabarani, akatazama foleni ndefu ya kioski cha maji, akahema. Kisha akageuka, akafungua leso, akamteremsha Kyalo na kumweka mapajani pangu.

"Nishikie," akasema. "Na akiumwa popote, hata kama ni kidogo, uniite."

"Nitakuita."

"Saa hiyo hiyo, Audrey."

"Saa hiyo hiyo," nikasema, nikamshika Kyalo kwa mikono yote miwili.